Mkutubi wa taaluma: Kazi yake katika vyuo vikuu vya Kitui na Makueni

MKUTUBI wa taaluma ni mfanyakazi wa maktaba ya chuo kikuu aliyekabidhiwa fani moja, au kundi la fani zinazokaribiana, mathalani kilimo na mazingira, afya, au elimu na lugha. Huchagua vitabu na majarida ya fani hiyo, huamua kila kitabu kikae kwenye rafu ipi, huwafunza wanafunzi namna ya kutafuta maandishi na huwasaidia wahadhiri wanapoanza utafiti. Anatofautiana na mkutubi wa dawati la kuazimisha, ambaye humhudumia kila ajaye. Anatofautiana pia na yule anayeorodhesha vitabu vya fani zote kwa kadiri vinavyoingia.

Katika maktaba kubwa kazi hizi hugawanywa miongoni mwa watu wengi. Katika maktaba ndogo mtu mmoja huzibeba zote, na mara nyingi asubuhi huwa dawatini, mchana huwa darasani akifundisha, na jioni huwa ofisini akipitia orodha za wachapishaji. Kazi ni ile ile hata kama cheo hakijaandikwa mlangoni.

Utaratibu wa kumpa mkutubi fani yake ulikomaa katika maktaba za utafiti za Ujerumani tangu karne ya 19. Nchini Uingereza, University College ya London ilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kuufuata, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Afrika Mashariki ilianza kuwafunza wakutubi wake yenyewe mwaka 1963, ilipofunguliwa shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki huko Makerere, Uganda. Kenya ilipata kitivo chake cha sayansi ya habari mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret.

Vyuo vya ukame

Kitui na Makueni ni kaunti mbili jirani za kusini mashariki mwa Kenya. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na wakazi 1,136,187 na Makueni 987,653. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni kame au nusu kame. Mvua hunyesha misimu miwili, kuanzia Machi na kuanzia Oktoba, na wakulima wengi huitegemea zaidi ile ya mwisho wa mwaka.

Chuo kikuu cha umma kilicho na makao yake makuu huko ni Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kinachofahamika zaidi kwa kifupi SEKU. Kilianza mwaka 2008 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, juu ya msingi wa taasisi ya kilimo ya Ukamba iliyokuwako awali, na kikapewa hati ya kujitegemea Machi 2013. Bewa lake kuu liko ndani ya Kitui, kilomita kadhaa kutoka soko la Kwa Vonza kwenye barabara ya Kitui kwenda Machakos, na kilifungua pia bewa mjini Wote, makao makuu ya Makueni. Huko Kibwezi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha mafunzo na utafiti wa nyanda kame.

Masomo ya vyuo hivi yanafuata mazingira yake: kilimo cha nyanda kame, maji, misitu, mifugo, afya ya umma, elimu, biashara. Hapo ndipo penye ugumu ambao mkutubi wa Kitui anakutana nao na ambao mwenzake wa London haujui sana. Maandishi juu ya Kitui na Makueni ni mengi, lakini mengi kati yake hayataji Kitui wala Makueni.

Jina la mahali

Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992. Mwingi nayo ilimegwa kutoka Kitui mapema katika miaka ya 1990, kisha ikarudi ndani ya Kitui chini ya katiba ya mwaka 2010 iliyoleta kaunti 47. Katikati ya miaka hiyo wilaya nyingine ndogo ndogo zilizaliwa na kufa. Mwanafunzi wa leo anayeandika neno “Makueni” katika kisanduku cha kutafutia huletewa kazi za miaka thelathini iliyopita tu, halafu huandika katika tasnifu yake kwamba eneo hilo halijafanyiwa utafiti wa kutosha.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kosa hilo. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka mwaka 1994, More People, Less Erosion, kinaeleza jinsi wakulima wa Wilaya ya Machakos walivyochimba matuta, wakapanda miti na kuurudishia udongo uhai wake tangu miaka ya 1930, huku idadi ya watu ikiongezeka maradufu mara kadhaa. Wilaya wanayoizungumzia inajumuisha Makueni ya sasa. Kitabu hicho kimejadiliwa na kupingwa dunia nzima, na anayeandika juu ya hifadhi ya udongo Makueni bila kukigusa ameanzia katikati ya hadithi. Hata hivyo, jalada lake halitaji Makueni wala Machakos. Linataja Kenya.

Ukirudi nyuma zaidi, majina hubadilika tena. Msomi wa Uswidi Gerhard Lindblom alichapisha huko Uppsala mwaka 1920 kitabu kikubwa juu ya Wakamba, na jina lake linasema “the Akamba in British East Africa”. Taarifa za kila mwaka za wakuu wa wilaya wa kikoloni zimo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, na nakala zake za filamu ndogo zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Kwa hiyo mtafiti wa historia ya Kitui anahitaji kutafuta kwa Kitui, kwa Machakos, kwa Ukamba, kwa Ukambani, kwa Kamba na kwa Akamba, na kwa jina la mkoa wa zamani wa Mashariki. Mkutubi wa taaluma huandika orodha hiyo ya majina mara moja, akaiweka dawatini, na kumpunguzia kila anayekuja wiki nzima ya kupapasa gizani.

Hali ni hiyo hiyo kwa majina ya taasisi. Taasisi ya utafiti wa kilimo iliyojulikana kama KARI ilikuja kuwa KALRO kwa sheria ya mwaka 2013. Kabla ya hapo, utafiti mwingi wa kilimo na misitu wa kanda hii ulitolewa na shirika la Afrika Mashariki lililokuwa Muguga, enzi za Jumuiya ya kwanza iliyovunjika mwaka 1977. Anayetafuta kwa jina la KALRO peke yake anauona utafiti wa miaka michache iliyopita na kukosa ule ulioutangulia.

Jina la mmea, jina la bwawa

Mkulima wa Kitui anapanda ndengu. Kiswahili cha Tanzania huziita choroko, na vitabu vingine huandika pojo. Kwa Kiingereza wapo wanaoandika “green gram” na wapo wanaoandika “mung bean”, na makala nyingi za Asia, ambako zao hili limechunguzwa zaidi, hutumia jina la pili. Mtaalamu wa mimea huandika Vigna radiata. Mwanafunzi aliyefundishwa jina la kwanza tu hataiona nusu ya pili ya elimu ya zao lake. Mkutubi aliyeizoea fani ya kilimo humwelekeza kwenye jina la kisayansi kwanza, kwa kuwa hilo ndilo linalovuka mipaka ya lugha. Vivyo hivyo mti wa mukau, unaopendwa Ukambani kwa mbao zake na uwezo wake wa kustahimili kiangazi, uko katika majarida ya misitu kwa jina la Melia volkensii.

Mabwawa ya mchanga yana ugumu wa aina nyingine. Haya ni kuta za zege au mawe zinazojengwa kukatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki kati ya chembe za mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Shirika la SASOL la Kitui limeshirikiana na wanavijiji kujenga mamia yake, na wanafunzi na watafiti kutoka Uholanzi wamefika Kitui kuyapima. Kazi zao huyaita “sand dam”, “sand storage dam” au “groundwater dam”.

Maktaba za vyuo vikuu vya Kenya kwa kawaida hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika mfumo huo ujenzi wa mabwawa uko chini ya herufi TC, ugavi wa maji uko TD, sayansi ya maji ya ardhini iko GB, na hifadhi ya udongo iko S. Mada moja imekaa rafu nne, na pengine orofa mbili. Kuchagua namba moja kati ya hizo ni kuamua nani atakiona kitabu kwa bahati na nani hatakiona. Mkutubi asiyeijua fani huchukua namba iliyopendekezwa ng'ambo na kuendelea na kitabu kinachofuata. Anayeijua hujiuliza ni mwanafunzi gani wa Kitui atakayekihitaji, kisha huongeza vichwa vya mada kwenye katalogi ili rafu nyingine tatu zielekeze huko. Ni kazi ya dakika kumi ambayo haionekani na yeyote, na pengine ndiyo sababu haihesabiwi wakati wa kupanga idadi ya wafanyakazi.

Mahindi ya mwaka 2004

Umuhimu wa kazi hii unaonekana vizuri zaidi katika fani ya afya. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu ambayo Tanzania huitwa sumukuvu. Kati yao 125 walifariki. Wagonjwa wengi walitoka Makueni na Kitui. Watafiti walipochukua sampuli za mahindi na unga sokoni, zaidi ya nusu, asilimia 55, zilipita kiwango cha sehemu 20 kwa bilioni kilichoruhusiwa Kenya wakati huo. Waliowahoji wagonjwa waligundua kwamba wengi walikuwa wamehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya kuyaweka ghalani.

Halikuwa tukio la kwanza. Mwaka 1981, katika Machakos ya zamani, watu 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini uliotokana na sumu hiyo hiyo na 12 wakafariki. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1982 katika The Lancet, jarida la tiba la London.

Sasa tazama mada za maandishi hayo. Makala ya 1982 inasema “acute hepatitis” na “Kenya”. Taarifa ya kituo cha Marekani cha udhibiti wa magonjwa, ya Septemba 2004, inasema “Eastern and Central Provinces”. Makala mbili kuu za mwaka 2005, katika jarida la Environmental Health Perspectives, zinatumia neno “aflatoxicosis” na zinataja Kenya au mashariki na kati ya Kenya. Katika mada zote nne, hakuna iliyotaja Makueni, na hakuna iliyotaja Kitui.

Haitakuwa haki kusema kwamba mkutubi angezuia vifo vya 2004. Njaa iliyowafanya watu kula mahindi yaliyoota ukungu haiponywi kwa katalogi. Lakini mwanafunzi wa afya ya umma au wa kilimo anayehitimu Kitui bila kujua kwamba maafa hayo yalitokea mara mbili kwa watu wa kwao, kwa chanzo kile kile, ataondoka na pengo ambalo mkutubi wake angeliziba kwa nusu saa ya maelezo. Makala za mwaka 2005 zinasomwa bila malipo na yeyote mwenye intaneti.

Zana za kazi

Hakuna chuo cha Kenya kinachoweza kununua peke yake majarida yote kinayoyahitaji. Ndiyo sababu mwaka 2003 maktaba ziliunda muungano wa maktaba na huduma za habari wa Kenya, KLISC, ambao hujadiliana na wachapishaji na kugawana gharama miongoni mwa wanachama. Mtandao wa KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, huunganisha vyuo kwa intaneti. Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianza mpango wa HINARI mwaka 2002 kwa majarida ya afya, na Shirika la Chakula na Kilimo likafuata na AGORA mwaka 2003 kwa kilimo. Ipo pia AJOL, inayokusanya majarida yanayochapishwa barani Afrika.

Zana zipo, lakini kuwa nazo si sawa na kuzitumia. Chuo kinaweza kulipia hifadhidata ambayo wahadhiri wake hawajui kuwa kinayo, huku mwanafunzi akitegemea matokeo kumi ya kwanza ya Google. Mkutubi wa taaluma anayehudhuria mikutano ya idara, akafahamu mhadhiri gani anafundisha nini muhula ujao, na akampelekea mapema orodha ya makala kumi anazoweza kuzifungua, huokoa fedha ambazo chuo kimekwisha kuzitoa. Kwa mwanafunzi aliye mbali na bewa kuu, iwe Wote au kijijini wakati wa likizo, kazi ya kwanza ni nyepesi zaidi na hukwamisha wengi zaidi: kupata nywila ya kuingilia akiwa nje ya chuo.

SEKU, kama vyuo vingine vya umma nchini, ina hazina ya kidijitali ambamo tasnifu na makala za watu wake huwekwa wazi. Hazina hizo ni jibu la sehemu kwa tatizo la majina lililoelezwa hapo juu, kwa sababu anayeweka kazi anaweza kuongeza maneno ambayo mwandishi aliyasahau: jina la wilaya ya zamani, jina la kisayansi la mmea, jina la Kikamba la mti. Hapo mkutubi huwa mhariri wa mwisho wa tasnifu, ingawa hakuna anayemshukuru katika dibaji.

Kazi ngumu zaidi ni kukusanya maandishi yasiyouzwa dukani. Ripoti za kuchimba visima, tathmini za athari kwa mazingira za miradi kama bwawa la Thwake mpakani mwa Makueni na Kitui, taarifa za mashirika yasiyo ya kiserikali, mipango ya maendeleo ya kaunti, takwimu za mavuno za maafisa wa nyanjani: haya huchapwa nakala chache, hukaa katika kabati la ofisi, na hutupwa ofisi inapohama. Hayawezi kuagizwa kwa mchapishaji. Mkutubi hulazimika kuondoka maktabani, kwenda Wote au Kitui mjini, kuomba nakala kwa barua na kurudi tena barua isipojibiwa. Mara nyingine hupewa faili lililoliwa na mchwa. Ni sehemu ya kazi ambayo haipo katika vitabu vingi vya ukutubi vilivyoandikwa Ulaya, na huenda ndiyo ya thamani kubwa kuliko zote hapa, kwa kuwa kitabu cha Oxford kinaweza kununuliwa tena lakini ripoti hiyo haiwezi.

Anayeuliza na anachokitaka

Msomaji afikaye kwa mkutubi kwa nadra husema anachokihitaji. Mwanafunzi huomba “kitabu cha maembe”. Makueni ni mojawapo ya kaunti zinazojulikana zaidi Kenya kwa maembe, na tangu mwaka 2017 imekuwa na kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba, hivyo ombi hilo si geni. Mkutubi akimpa kitabu cha upandaji wa miembe, huenda akawa amekosea kabisa. Maswali matatu au manne ya upole hufichua kwamba mwanafunzi ni wa biashara, si wa kilimo, na anataka kujua kwa nini wakulima wa kijiji chake huuza kwa dalali badala ya kupeleka kiwandani. Rafu yake ni HD, ya uchumi wa kilimo, si SB ya mimea. Kuuliza bila kumtia aibu anayeuliza ni ustadi unaojifunzwa kwa miaka.

Kuhusu elimu ya mkutubi mwenyewe, wasomi wa ukutubi hawajakubaliana. Wako wanaoshikilia kwamba lazima awe na shahada ya kwanza katika fani anayoihudumia, kama ilivyo desturi ya Ujerumani, kisha asomee ukutubi. Kenya wengi huanza na shahada ya sayansi ya habari na kujifunza fani wakiwa kazini. Njia ya kwanza hutoa mtu anayeelewa makala anazozitafuta. Njia ya pili hutoa mtu anayejua vizuri zaidi jinsi maandishi yanavyopangwa na kupotea. Kwa chuo kichanga chenye wakutubi wachache na idara nyingi, masharti ya Ujerumani hayatekelezeki, na kuyasubiri ni kukaa bila mkutubi. Lenye manufaa ya haraka ni mkutubi kudumu katika fani ile ile kwa miaka ya kutosha, badala ya kuhamishwa kutoka afya kwenda biashara kila pengo linapotokea. Orodha ya majina ya wilaya za zamani, ya ndengu na mukau, na ya maofisa wanaojibu barua huko Wote, huchukua misimu kadhaa kukusanywa, na sehemu yake kubwa haijaandikwa popote isipokuwa katika daftari la mkutubi anayehamishwa.